Nyumba Zilizozungukwa na Maji: Historia ya Mahandaki ya Mashambani katika Uingereza ya Zama za Kati

Mtu akiifungua ramani ya kina ya wilaya za mashariki ya Uingereza, hasa Suffolk na Essex, huona mbali na barabara kuu na mbali na makanisa, katikati ya mashamba ya ngano, vialama vya buluu vyenye pembe nne, kimoja hapa na kingine mwendo wa robo saa kutoka hapo, na aghalabu kando ya kialama pameandikwa jina la Moat Farm au Moat Hall. Hayo ni mahandaki ya maji, yaliyochimbwa kwa mikono ya watu yapata miaka mia saba iliyopita kuuzunguka uwanja wa nyumba moja, hata uwanja ukawa kisiwa kidogo chenye daraja moja tu la kuingilia. Yaliyokwisha kuorodheshwa katika Uingereza nzima yamepita elfu tano, nayo ni mengi sana kuliko ngome zote za mawe ambazo wageni huenda kuzitazama.

Walakini ngome zimepata wasimulizi wengi, na mahandaki haya yamepata wachache. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ngome ni kazi ya wafalme na makabaila wakubwa, ambao vita vyao na ndoa zao viliandikwa na watawa mwaka baada ya mwaka. Lakini waliochimba mahandaki ya mashambani walikuwa aghalabu watu wa daraja ya katikati, wasiokuwa watwana wala wakuu, watu ambao majina yao hayaonekani ila katika hati za kuuziana ardhi, daftari za kodi na mashauri ya mahakama. Mimi naona kwamba kwa sababu hiyohiyo mahandaki yana faida kubwa kwa mwenye kutafuta habari za mashamba ya zama zile: yanatuonyesha ni wapi watu walifyeka misitu wakahamia, ni nani aliyeneemeka kwa kuhama huko, na ni kitu gani aliyeneemeka alitaka jirani zake wakione.

Kilima cha bwana, 1066–1154

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na jeshi lake akamshinda mfalme Harold karibu na Hastings, na kwa muda wa miaka michache sehemu kubwa ya ardhi ya Uingereza ikawa mikononi mwa wageni wachache waliosema lugha nyingine. Wageni hao, kwa kuwa walikuwa wachache kati ya watu wengi waliowachukia, walijenga kwa hima ngome za udongo na mbao: kilima kilichorundikwa kwa kazi ya shokoa, juu yake mnara, chini yake ua wenye boma, na kuzunguka vyote hivyo handaki, mara nyingi kavu. Ngome ya namna hiyo ilikuwa chombo cha kutawalia. Haikujengwa ili mtu akae kwa raha, bali ili wenyeji waitazame kila asubuhi na kukumbuka nani ni bwana.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1086, mfalme aliamuru milki zote zihesabiwe, na kitabu kilichotokana na hesabu hiyo, kiitwacho Domesday, kinatufunulia jambo ambalo litakuwa na maana kubwa katika habari yetu. Katika nyanda za katikati ya nchi watu walikuwa wakikusanyika katika vijiji vikubwa vyenye mashamba ya wazi, kila mtu akiwa na vipande vyake virefu vimechanganyika na vya wenzake, na wengi wao walikuwa watwana waliofungwa na ardhi ya bwana. Katika Suffolk na Norfolk, kinyume cha hayo, walikuwako maelfu ya watu huru, wenye haki ya kuuza ardhi yao na wengine hata ya kumwacha bwana mmoja na kumfuata mwingine. Tofauti hiyo haikufutika. Pale ambapo baadaye tutayakuta mahandaki kwa wingi, aghalabu pana watu huru na maskani zilizotawanyika. Na pale ambapo tutayakuta kwa uhaba, aghalabu kijiji na bwana wake ndio waliokuwa na nguvu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya zama za mfalme Stephen, kati ya 1135 na 1154, viliijaza nchi ngome zisizo na idhini, na Henry wa Pili aliyemfuata alizibomoa nyingi. Desturi ikawa kwamba mtu atakaye kuta zenye meno ya kivita hujipatia kwanza hati ya mfalme. Nyumba ya mbao iliyozungukwa na maji haikuhesabiwa kuwa ngome, na aghalabu hakuna aliyeulizwa kwa kuichimbia handaki. Hapo palikuwa na nafasi, na watu walikuja kuitumia.

Njaa ya ardhi, 1150–1250

Katika karne mbili zilizofuata ushindi wa Wanormani watu waliongezeka mno. Wataalamu hukadiria kwamba wakazi wa Uingereza, ambao mwaka 1086 walikuwa kama milioni mbili, walikaribia milioni tano au zaidi ilipofika mwaka 1300. Bei ya nafaka ilipanda, hasa tangu mwanzo wa karne ya 13. Masoko mapya yakafunguliwa kwa hati za mfalme. Na ardhi nyepesi ya mabondeni, iliyolimwa tangu zamani, ikawa haitoshi. Iliyobaki ni ardhi ya udongo mzito wa mfinyanzi, juu ya nyanda zilizoinuka kidogo kati ya bonde na bonde, ambako maji ya mvua hutuama wakati wa baridi na plau haiendi ila kwa jozi nyingi za ng'ombe. Na juu ya udongo huo palikuwa na misitu ya mialoni, vichaka, na malisho yaliyotumiwa na wote. Huko ndiko watu walikokwenda na mashoka yao.

Sheria nayo ilifuata, kama ilivyo desturi ya sheria, nyuma ya mambo yaliyokwisha kuanza. Misitu mikubwa ilikuwa chini ya amri ya mfalme, na aliyefyeka bila idhini alitozwa faini. Mwaka 1217 serikali ya Henry wa Tatu, aliyekuwa bado mtoto, ilitoa Hati ya Misitu, na miongoni mwa mambo iliyoyaruhusu ni kwamba mtu huru aweza, katika ardhi yake iliyomo ndani ya mipaka ya msitu, kufanya kinu, bwawa, shimo la udongo wa kurutubishia shamba, handaki au shamba lenyewe, mradi asimdhuru jirani. Sisemi kwamba kwa neno hilo moja mahandaki elfu yalichimbwa. Lakini si jambo dogo kwamba handaki limetajwa pamoja na kinu na shamba, kama kitu ambacho mtu huru hutazamiwa kukitaka. Mwaka 1235 Sheria ya Merton iliwapa mabwana ruhusa ya kuzungushia ua sehemu ya malisho ya wote, ikiwa watawaachia wapangaji wao huru malisho ya kuwatosha. Bwana akawa na uwezo wa kuikata nyika vipande vipande na kuikodisha kwa yeyote mwenye fedha, shoka na subira.

Mfano ulio bora wa mambo haya ni wilaya ya Warwickshire, ambayo mto Avon huigawa mapande mawili. Kusini ya mto ni Feldon, nchi ya wazi, yenye vijiji vikubwa na mashamba mapana. Kaskazini ni Arden, nchi ya misitu, ambayo katika karne ya 12 bado ilikuwa na nafasi tele. Huko Tanworth, mathalan, makabaila wa Warwick waligawa msitu wao kidogo kidogo kwa watu huru, kwa kodi ya fedha badala ya kazi ya shokoa, na jamaa mojamoja, kama ukoo wa Archer wa Umberslade, zikaendelea kuongeza kipande baada ya kipande, kwa kununua, kwa kubadilishana na kwa kuoana, mpaka zikawa zenyewe zina wapangaji chini yao. Mtaalamu wa jiografia Brian Roberts, aliyezisoma hati za Tanworth na kuzilinganisha na ardhi yenyewe, alionyesha kwamba mahandaki ya Arden hufuatana na ufyekaji huo: yamekaa katika maskani za watu huru zilizo peke yake, mbali na mashamba ya wazi ya zamani. Mkulima wa Feldon alilala akisikia kikohozi cha jirani. Mwenzake wa Arden alilala katikati ya shamba lake mwenyewe, lililozungushiwa ua wa miti, na nje ya ua huo ulikuwa msitu.

Wakati huohuo wafalme nao walitoa mfano wa kuigwa. Mwaka 1211 mfalme John alijijengea nyumba ya kuwindia huko Writtle, katika Essex, nayo ikazungushiwa handaki la maji. Nyumba hiyo, iliyofukuliwa na wachimbuzi wa mambo ya kale katika miaka ya 1950, haikuwa ngome, ilikuwa mahali pa kupumzikia. Lakini kila mwenye ardhi wa Essex aliyeipita njiani alijua sasa kwamba maji kuzunguka nyumba ni jambo la kifalme.

Karne ya kuchimba, 1250–1325

Mahandaki mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1200 na mwaka 1325 hivi, na kilele chake kilikuwa katika nusu ya pili ya karne ya 13. Yafaa tuitazame kazi yenyewe ilivyokuwa, maana inaeleza mengi ambayo hati hazisemi.

Mwenye nyumba alichagua mahali penye udongo wa mfinyanzi, ambao hushika maji kama chungu. Akapima kiwanja, mara nyingi cha pembe nne, cha kiasi cha nusu eka hadi eka mbili, akatafuta chemchemi au kijito cha kukigeuzia humo, au, kama hakuna, akategemea mvua na maji yachuruzikayo kutoka mashambani. Tuseme kiwanja kina mita 50 kila upande, na handaki lina upana wa mita 8 juu, likipungua kuelekea chini, na kina cha mita 2: udongo utakaotoka ni karibu mita 2,800 za ujazo. Mtu mmoja mwenye sepetu ya mti iliyovishwa chuma ncha yake, akichimba na kuondoa mita 3 za ujazo kwa siku, atahitaji zaidi ya siku 900. Watu kumi wataimaliza kazi kwa miezi mitatu, endapo mvua haitawazuia, nao wote wanataka mkate, bia na ujira. Haikuwa kazi ya fukara, wala haikuwa kazi ya kumfilisi mtu mwenye mashamba ya wastani aliyepata mavuno mema miaka miwili mfululizo. Ukuta wa mawe ungemgharimu mara nyingi zaidi, na katika Suffolk mtu hata angetaka mawe asingepata ila gumegume. Kwa hiyo handaki lilikuwa, katika mambo yote yaliyoweza kumfanya mtu afanane na kabaila, lililo rahisi kupatikana.

Faida zake za kila siku hazikuwa chache. Udongo uliotoka ulitandazwa juu ya kiwanja ili kiinuke, na katika nchi ambayo ua wa nyumba huwa tope tangu Novemba hata Machi, hilo peke yake ni neema. Ng'ombe walinywa maji yake. Moto ukizuka, mahali ambapo nyumba, ghala na zizi vyote vilikuwa vya mbao na kuezekwa nyasi, maji yalikuwa karibu. Na samaki waliofugwa humo walihitajiwa kila Ijumaa na siku zote za Kwaresima, kwa kuwa Kanisa lilikataza nyama. Matope yaliyozolewa wakati wa kulisafisha yalikuwa mbolea. Vyoo vya nyumba kubwa navyo vilimwagia humohumo, na msomaji asistaajabu akisikia kwamba wenye busara walichimba bwawa la samaki mbali kidogo. Wengine walichimba mahandaki mawili yaliyopakana, moja la nyumba na la pili la bustani ya matunda, maana tufaha nayo ilikuwa mali ya kulindwa.

Je, ulinzi? Hapa wataalamu wamebishana sana, na kila upande una hoja. Wanaosema kwamba watu walichimba kwa hofu hutaja vita vya makabaila na mfalme vya 1264 na 1265, ambavyo vilikwisha kwa Simon de Montfort kuuawa huko Evesham na wafuasi wake wengi kunyang'anywa ardhi na kugeuka wanyang'anyi. Hutaja Sheria ya Winchester ya 1285, iliyoamuru vichaka vifyekwe futi 200 kila upande wa barabara za kwendea masokoni ili wavamizi wasipate maficho. Na hutaja mahakimu waliotumwa katika wilaya mwaka 1305 kuwakamata magenge ya watu wa marungu. Wanaosema kwamba ni fahari tu hujibu kwamba mahandaki mengi hayana dalili ya ukuta nyuma yake, mengine yana pande tatu za maji na upande wa nne ni mtupu, na mengine yamechimbwa chini ya mwinuko ambao mpiga mishale angesimama juu yake na kulenga mlango bila taabu.

Kwa rai yangu ubishi huu umekuzwa kupita kiasi chake. Mwizi wa ng'ombe si jeshi. Handaki lisiloweza kumzuia mfalme laweza sana kumzuia mwizi, kwa kuwa ng'ombe havushwi usiku kimyakimya ila kwa daraja, na daraja liko mbele ya mlango wa mwenye nyumba na mbwa wake. Fauka ya hayo, kile kilichomlinda mwenyeji ndicho kilichomtukuza: mgeni hakuweza kuingia kwa ubavuni kama aingiavyo katika kibanda cha mtwana, alizunguka, akapita juu ya maji, akapita chini ya lango, na wote humo ndani wakimtazama. Kabla hajafika ukumbini alikuwa amekwisha kufahamu cheo cha mwenyeji wake, au angalau cheo ambacho mwenyeji alikitamani.

Na waliokitamani walikuwa wa kila namna. Juu kabisa tunamwona Roger de Somery, aliyepata mwaka 1264 ruhusa ya mfalme ya kuitia ngome nyumba yake ya Weoley, karibu na mji ambao leo ni Birmingham. Chini yake tunamwona Laurence wa Ludlow, mfanyabiashara wa sufi, ambaye si kabaila kwa asili, bali mtu aliyetajirika kwa kuuza manyoya ya kondoo ng'ambo; yeye alijenga Stokesay, katika Shropshire, akapata hati ya mfalme mwaka 1291, akaizungushia handaki, na miaka mitatu tu baadaye akafa maji pwani ya mashariki, merini, akisafirisha sufi. John de Markenfield, karani aliyepanda cheo katika hazina ya Edward wa Pili, alipata hati yake mwaka 1310 kwa nyumba yake katika Yorkshire, na maji yanaizunguka nyumba hiyo hata leo. Baada ya hao hufuata mapadri wa parokia, wasimamizi wa mashamba ya watawa, na hatimaye, wengi kuliko wote, wakulima huru ambao hawakuwa na hati ya mfalme wala hawakuihitaji.

Hao wa mwisho wanaonekana wazi katika nyanda za Suffolk. Huko malisho ya wote yalikuwa mapana, na nyumba zilijipanga pembezoni mwake, moja mbali na nyingine, kila moja ikiyaelekea malisho na ikiyapa mgongo mashamba yake. Parokia moja yaweza kuwa na mahandaki matano au sita, na kanisa likawa limesimama peke yake shambani, bila kijiji. Ukienda katika nyanda za katikati ya nchi, mambo ni mengine: handaki ni moja, kando ya kanisa, kwenye ukingo wa kijiji, na lilikuwa la bwana aliyewamiliki wote. Kwa kuyahesabu mahandaki tu mtu aweza kukisia, bila kusoma hati hata moja, kama mamlaka ya mahali pale yalikuwa ya mmoja au yaligawanyika, na kama watu walikaa pamoja au kila mtu kwake.

Ng'ambo ya bahari

Desturi hii haikuwa ya Uingereza peke yake. Katika Flanders, ambako watu walikausha mabwawa ya pwani na kuyagawa kwa wakulima huru, nyumba nyingi za mashamba zilizungushiwa mifereji ya maji, kwa sababu ardhi ni ya chini na maji hayana budi kupewa mahali. Katika Ireland sababu zilikuwa kali zaidi. Wanormani waliotoka Wales waliingia huko mwaka 1169, na katika karne iliyofuata walowezi wa Kiingereza walishika ardhi ya kusini-mashariki: Wexford, Kilkenny, Tipperary. Miji na ngome zilikuwa katikati ya nchi waliyoiteka. Mahandaki yao, ambayo yamehesabiwa kwa mamia, yapo zaidi kwenye kingo zake, karibu na misitu na milima iliyobaki mikononi mwa wenyeji, na hapo hoja ya ulinzi haina mpinzani wa maana. Hata hivyo wenyeji nao waliipenda namna hiyo ya kujenga, hata ukoo wa O'Conor, wafalme wa Connacht, ukawa na kiwanja chake cha pembe nne chenye handaki huko Cloonfree, katika Roscommon, karibu na mwaka 1300.

Mvua, njaa na tauni, 1315–1400

Mwaka 1315 mvua ilinyesha wakati wa kiangazi bila kukatika, na mavuno yakaoza mashambani. Mwaka wa pili yakaharibika tena. Njaa ile kuu, iliyoendelea hata 1317, iliua watu wengi kote kaskazini ya Ulaya, na mara baada yake, tangu 1319, maradhi ya ng'ombe yaliwaua wanyama wa kulimia. Walioumia sana ni wale waliokuwa wamepanda juu ya udongo mzito, kwa maana udongo huo, ukinywa maji kupita kiasi, haulimiki wala hauoteshi. Ardhi iliyofyekwa mwisho ikawa ya kwanza kuachwa.

Kisha, katika kiangazi cha 1348, tauni iliingia kwa njia ya bandari ya Melcombe, kusini mwa Uingereza, na ilipotulia mwishoni mwa mwaka uliofuata ilikuwa imekwisha kuchukua baina ya theluthi na nusu ya watu wote. Nguvu iliyowasukuma watu kwenda misituni ikakoma. Ardhi ikawa nyingi na watu wachache, ujira ukapanda, na sheria ya mwaka 1351, iliyotaka kuurudisha ujira mahali ulipokuwa kabla ya tauni, haikuweza kuuzuia kwa muda mrefu. Zile siku 900 za kuchimba, ambazo zamani mtu aliweza kuzinunua kwa bei nafuu, zikawa gharama kubwa. Na kwa kuwa mashamba ya nafaka hayakuleta tena faida ile, wachache walikuwa na sababu ya kuzilipa. Mahandaki mapya baada ya 1350 ni haba, na aghalabu ni ya matajiri wenye kutaka kuvutia macho, kama Edward Dalyngrigge, aliyepata hati yake mwaka 1385 akajenga Bodiam, katika Sussex, ngome iliyosimama katikati ya ziwa zima.

Katika nchi ya udongo mzito maskani zikaungana. Jamaa iliyobaki hai ilinunua ardhi ya jirani waliokwisha, ikakaa katika kisiwa kimoja, na visiwa vingine viwili au vitatu vikawa mahali pa kunyweshea mifugo. Nyumba za mbao zilioza, madaraja yakaanguka ndani ya maji, na matope yakaanza kujaa.

Maji ya urembo, 1400–1816

Kwa wale waliobaki na jaha handaki likawa pambo la ukoo, dalili kwamba nyumba ni ya zamani hata ikiwa imejengwa juzi. Edmund Bedingfeld alijenga Oxburgh, katika Norfolk, kwa hati ya mwaka 1482, akaipa lango refu la matofali lililosimama juu ya maji. Wakati mwingine ukale huo ulikuwa na kazi isiyotazamiwa. Markenfield ilikuwa mahali walipokutania Wakatoliki wa kaskazini walioasi mwaka 1569, na uasi uliposhindwa wenyewe walipoteza milki yao. Baddesley Clinton, katika Arden ileile ya wafyeka misitu, mwaka 1591 iliwaficha mapadri wa Kijesuiti, miongoni mwao Henry Garnet na John Gerard, ambao askari wa malkia walipoingia kuitafuta nyumba walisimama saa kadhaa, miguu yao majini, ndani ya mfereji wa zamani wa vyoo unaotokea kwenye handaki; na hawakuonekana.

Karne ya 17 na ya 18 hazikuyapenda maji yaliyotuama. Waganga walifundisha kwamba hewa yake huleta homa, wenye mali walitaka nyumba juu ya kilima yenye mandhari, na wakulima waliona ni taabu kupitisha mikokoteni juu ya daraja jembamba. Nyumba mpya zilijengwa nje ya kisiwa, na mahandaki mengi yalifukiwa upande mmoja au yote. Birmingham, uliokuwa mji wa viwanda sasa, ulilifukia mwaka 1816 handaki la mabwana wake wa kale, jamaa ya de Birmingham, na mahali pake pakawa soko la Smithfield.

Wachunguzi na matope

Wapenzi wa mambo ya kale wa zamani, walipokutana na viwanja hivi mashambani, walisema mara ni kambi za Warumi, mara ni kazi ya Wadeni, maana hawakuamini kwamba mkulima aliweza kufanya kazi kubwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walipoyapanga maboma yote ya udongo kwa mafungu, mahandaki ya nyumba yalipata fungu lake peke yake, na wilaya baada ya wilaya ikaanza kuyaandikisha. Baada ya vita vya pili vya dunia picha alizopiga J. K. St Joseph wa Cambridge kutoka angani zilionyesha mengine ambayo mtu aliye chini hayaoni. Mwaka 1952 kiliundwa chama cha kuchunguza vijiji vilivyohamwa, na mwaka 1971 kikaundwa cha kuchunguza mahandaki. Mwaka 1986 viwili hivyo viliungana kuwa kimoja cha makazi ya zama za kati, na huo ulikuwa uamuzi wa haki, kwa kuwa handaki lisilosomwa pamoja na kijiji, shamba na msitu wake ni shimo tu.

Hazina kubwa imo katika matope. Mahali pasipoingia hewa vitu haviozi, na wachimbuzi wametoa humo viatu vya ngozi, vibakuli vya mbao, mbegu za matunda, chavua ya mimea iliyoota jirani, na mihimili ya madaraja ambayo pete za mti wake huhesabiwa kupata mwaka ulipokatwa. Lakini wakati uleule elimu hii ilipokuwa ikikua, serikali ilikuwa ikiwalipa wakulima waongeze mashamba ya nafaka, na katika miaka ya 1950 na 1960 mashine zilisawazisha kwa siku moja kazi ya watu kumi ya miezi mitatu. Sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mambo ya kale imeyaokoa mengi, si yote.

Msomaji akaaye Uingereza, au atakayejaliwa kufika huko, asiishie kwenye Mnara wa London. Ightham Mote katika Kent na Baddesley Clinton katika Warwickshire ziko chini ya National Trust na hufunguliwa kwa watu wote. Na vijia vya miguu vya Suffolk hupita kando ya mahandaki mengi yasiyo na kibao wala tikiti. Mengi ya hayo bado ni makazi ya wakulima, kwa hiyo apige hodi kabla ya kuvuka daraja.